Picha Arobaini na Moja

Siku ya Alhamisi, tarehe saba Machi, mwaka elfu mbili na ishirini na nne, saa nne asubuhi, mshonaji alisimamisha cherehani yake katikati ya mshono. Binti yake alikuwa akizungumza kwenye simu upande wa pili wa meza, na sasa alikuwa amenyamaza kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

Meza ilikuwa moja na kazi zilikuwa mbili. Upande wa dirishani palikuwa na cherehani, sare za shule zilizokatwa lakini hazijashonwa, na sahani ya vifungo. Upande wa ukutani palikuwa na kompyuta ya binti, ambaye alikuwa msanifu wa michoro: alichora nembo za maduka, mabango, kadi na vifuniko vya madaftari. Kati ya pande hizo mbili mama alikuwa amepiga mstari wa chaki, na vifungo vilivyovuka mstari huo vilirudishwa bila maneno.

"Ndiyo, dada, nakusikia," binti alisema hatimaye. "Sikujua. Hapana, sikulifikiria hilo. Jumatatu saa tatu. Nitakuja. Asante kwa kunipigia."

Akaiweka simu kifudifudi.

"Wamekuita?" mama aliuliza.

"Wameniita."

"Basi mbona umekunja uso kama uliyemeza kidonge bila maji?"

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Hospitali ya mji ilitaka mtu wa kuchora upya vibao vyake vyote na fomu zake zote, kazi ya mwaka mzima kwa mshahara wa kila mwezi. Waombaji zaidi ya sitini walituma anwani za tovuti zao, na watatu tu walibaki. Binti alikuwa mmoja wa hao watatu. Tovuti yake aliijenga kwa miezi mitatu, na kila aliyeifungua alisema inapendeza. Lakini mwenyekiti wa jopo la usaili alikuwa mama asiyeona. Alisoma kwa masikio: simu yake ilimsomea kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye kioo.

"Ameifungua tovuti yangu," binti alisema, "ikamwambia 'picha' mara arobaini na moja."

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo hakuna, Mama. Ndiyo tovuti yote."

"Si uliandika maneno mule?"

"Niliyachora. Kila neno mule ni picha. Nilitaka herufi za mkono wangu, nisifanane na watu."

Baba yake, kinyozi, alikuwa ameingia kutoka chumba cha mbele, ambacho ndicho kilikuwa duka lake, akitafuta chai. Alisikiliza akiwa bado ameshika mashine ya kunyolea.

"Kipofu ahukumu picha?" alisema, akimgeukia binti, ambaye yeye humwita Profesa. "Basi na mimi niletewe mwenye upara nimchague mtindo. Profesa, waambie ukweli. Kazi ya macho ihukumiwe na macho."

"Anaitwa mwenyekiti," mama alisema.

"Sijamtukana. Nimesema mambo yalivyo."

"Sharti lilikuwemo kwenye tangazo, Baba," binti alisema kwa sauti ndogo. "Kwamba tovuti ifunguke kwa kila mtu, anayeona na asiyeona. Lilikuwa ukurasa wa pili. Sikufika ukurasa wa pili."

Kinyozi alimtazama, akaitazama chai yake, akarudi kwa mteja wake. Huo ndio uliokuwa wema wake.

Walikuwa wamempa mpaka Jumatatu asubuhi airekebishe. Binti alifungua kompyuta, akaifunga. Hakujua tovuti yake inasikikaje. Hakuwahi kuisikiliza, kama vile fundi viatu asivyowahi kuvivaa vyote anavyovitengeneza.

"Darasani kwetu kuna mtu," mama alisema, akikata uzi kwa meno. "Kaka yetu mmoja, Msuka Viti. Haoni tangu utotoni. Simu yake inaongea kuliko baba yako. Nitamwomba aje Jumamosi."

Mama alikuwa akihudhuria darasa la watu wazima kwa mwaka wa pili. Binti hakuwa na desturi ya kuuliza habari za darasa hilo, na siku hiyo pia hakuuliza.

Msuka Viti alifika Jumamosi asubuhi, akiupapasa ukuta kwa kiganja. Kabla ya kuketi alikipitishia kiti vidole.

"Amekisuka nani hiki?"

"Tulikinunua hivyohivyo," mama alijibu.

"Aliyekisuka amemwibia mwenye kiti. Mwambie mumeo, shemeji yangu, akikalie taratibu, asije akaanguka nikahukumiwa mimi." Kisha akageukia mahali ambapo binti alikuwa akipumua. "Wewe ndiye mpwa wangu msanifu? Mama yako anakutaja kila somo. Mwalimu akisema tutunge sentensi, yeye anakutunga wewe."

Binti alicheka kidogo, akamtajia anwani ya tovuti. Msuka Viti akaiambia simu, akailaza mezani juu ya mstari wa chaki. Sauti ya simu ilikuwa ya haraka, isiyo na huzuni wala furaha, kama karani anayeita majina.

"Picha," simu ilisema. "Nembo, bahili wa dawa, mwisho. Picha. Nembo, bahili wa dawa, mwisho kabisa. Picha. Nembo, bahili wa dawa, mwisho wa mwisho, nne."

Msuka Viti alicheka mpaka akashika mbavu. "Huyu bahili alikutesa, mpwa wangu. Mwisho wake hauishi."

Binti hakucheka. Alikuwa ameelewa jambo ambalo mama alikuwa bado hajalielewa. Picha isiyopewa maelezo, simu huitafutia jina lolote la kuiita, na jina pekee lililokuwepo ni lile ambalo binti aliihifadhia katika kompyuta yake. Majina hayo wasanifu huyaandika wakiwa wamechoka, wateja wakirudisha kazi mara ya tatu na ya nne, wala hawafikirii kwamba kuna mtu atakayeyasikia. Dada wa hospitali alikuwa mstaarabu. Alisema tu kwamba simu ilitamka "picha" mara arobaini na moja. Yaliyofuata kila "picha" aliyameza.

"Mjomba, inatosha," binti alisema. "Nimeelewa."

"Hujaelewa. Mgonjwa haambiwi amepona kwa kupimwa kidole kimoja. Twende mpaka mwisho."

Simu ikaendelea. Ilipita kadi, vifuniko, kalenda. Mama aliendelea kushona, akifurahi kwa namna yake kwamba mwenzake wa darasani anamsaidia mwanawe. Kisha sauti ikafika chini kabisa ya tovuti, mahali ambapo binti aliweka kazi ambazo hakujivunia.

"Picha. Bango, mama mshamba, mwisho kabisa, tatu."

Cherehani ilisimama.

"Imekwama?" Msuka Viti aliuliza, kwa kuwa alisikia kimya tu. Akagusa kioo ili irudie.

"Picha," simu ilirudia kwa sauti ileile. "Bango, mama mshamba, mwisho kabisa, tatu."

Hapakuwa na bango jingine la mama yeyote. Lilikuwa lile lililopigiliwa juu ya mlango wao, la manjano, lenye herufi nyeusi nene zilizoachana. Mama aliliagiza mwaka uliopita, akitaka herufi nene. Binti alimchorea herufi nyembamba, mama akazikataa. Akamchorea nyembamba zaidi zenye mikia, mama akazikataa pia. Mara ya tatu binti alichora alichoambiwa, akaihifadhi kazi hiyo kwa jina lililomjia siku hiyo.

Mama aliinuka. "Kaka, chai yako naitia sukari au unakunywa hivyohivyo?"

"Hivyohivyo, dada," Msuka Viti alijibu, na sauti yake ilikuwa imeshuka. Hakuhitaji macho kujua kilichotokea. Alikunywa upesi, akamweleza binti mambo mawili: maneno yote yaandikwe kama maneno, na kila picha ipewe maelezo yake nyuma, yanayosema kilichomo. Kisha akaomba kupelekwa barabarani.

Binti alipomsindikiza na kurudi, alisimama mlangoni.

"Mama."

"Sare hizi zinatakiwa Jumanne."

"Mama, lile jina."

"Nimesema zinatakiwa Jumanne," mama alisema, na gurudumu likazunguka.

Jioni kinyozi aliuliza kwa nini nyumba imekuwa baridi. Akasema labda ni dirisha.

Jumapili mshonaji hakushona. Aliketi upande wake wa meza na daftari lake la darasa, akinakili sentensi, na binti aliketi upande wake akifuta na kuandika upya. Kuadhibiana kwa watu wanaotumia meza moja ni kazi ngumu, maana kila mmoja humsikia mwenzake akikohoa.

Maneno yaliyokuwa picha yaligeuzwa kuwa maneno. Yalibaki picha kumi na tisa. Kila mara binti alipomaliza kuandika maelezo ya picha, alimpigia Msuka Viti na kumsomea.

"Nembo inayobeba ndoto na uthubutu wa mteja," alisoma ya kwanza.

"Mpwa wangu," Msuka Viti alisema ndani ya simu, "sijaona kitu. Ndoto ina miguu mingapi?"

Binti alifuta. Alitazama nembo yake mwenyewe kwa muda, kana kwamba alikuwa ameikuta njiani.

"Chupa ya kijani, imesimama. Ndani yake kuna jani moja, na ncha ya jani imetokeza mdomoni mwa chupa."

"Hiyo sasa nimeiona. Hata mimi ningenunua dawa hapo. Endelea."

Alipofika kwenye rangi ya maandishi, ilimbidi aombe. Tovuti yake yote ilikuwa ya kijivu hafifu juu ya weupe, kama moshi juu ya shuka. Aliigeuza kompyuta kuvuka mstari wa chaki.

"Mama, nisaidie. Unaweza kunisomea hapa?"

Mama alitazama. Alisogea, akarudi nyuma, akasogea tena.

"Siwezi."

"Lakini nilipokuonyesha mwezi wa kwanza, ulisema ni nzuri sana."

"Nilisema."

"Hukuisoma?"

"Sikusoma hata neno moja," mama alisema. "Nilidhani sijafika darasa hilo. Nikajiambia, yako mengi ambayo bado hatujafundishwa, na maandishi ya namna hii yatakuja mwaka wa tatu."

Binti aliikoleza rangi mpaka ikawa nyeusi, akazikuza herufi, akageuza kompyuta tena. Mama aliweka kidole chini ya mstari kama alivyofundishwa, akasoma polepole, silabi kwa silabi, bila kuruka: "Ninachora vitu vinavyotumiwa na watu." Akaitazama sentensi hiyo hadi nukta.

"Umeandika wewe?"

"Mimi."

"Ni maneno mazuri," mama alisema, kisha akarudi kwenye daftari lake.

Alasiri kazi ilikuwa imekamilika. Binti alipata sauti kama ile katika simu yake mwenyewe, akaiacha isome tovuti yote kutoka juu hadi chini, nao wawili wakasikiliza. Chupa ilipita, kalenda ikapita, kadi ya fundi bomba ikapita. Sauti ikasema, "Mwisho wa ukurasa."

"Na langu?" mama aliuliza.

"Nimeliondoa."

"Umeliondoa."

"Nisikuaibishe tena, Mama. Wale wa hospitali wameshasikia lile jina. Nimefuta kila kitu, lisiwepo hata alama."

Mama alifunga daftari. "Nikuulize, mwanangu. Umeondoa jina baya, au umeniondoa mimi?"

Kutoka chumba cha mbele, mashine ya kunyolea ilinyamaza.

"Sikukusudia hivyo."

"Najua hukukusudia. Hata lile jina hukukusudia nilisikie. Mambo yako yote mwaka huu hukuyakusudia." Aliyasema hayo bila kupandisha sauti. "Mimi si mtoto. Mshamba ni mtu wa shamba, na nimelima, sioni tusi hapo. Tusi ni kwamba nilikulipa kama mteja, ukanifanyia kazi, kazi ikaniletea watu mlangoni, halafu ukaona aibu kuionyesha. Lirudishe."

"Nikilirudisha, ataniuliza."

"Atakuuliza, nawe utajibu. Una mdomo."

Binti alilirudisha bango mahali pake. Kisha akakaa mbele ya kisanduku kitupu cha maelezo, vidole juu ya herufi.

"Niandike nini?"

"Si umefundishwa na mjomba wako? Andika kilichomo."

"Bango la fundi cherehani. La manjano, herufi nyeusi nene."

"Nene kiasi gani? Asiyeona atajuaje?"

"Nene kama kidole gumba."

"Haya."

"Zimeachana, kila neno na mstari wake. Ukingo wa chini umepinda."

"Umepinda kwa sababu baba yako aliupigilia misumari."

"Nimesikia," kinyozi alisema kutoka ng'ambo.

"Tulitaka usikie."

Binti aliandika sentensi nyingine, akaisoma kwa sauti: "Mteja ni mama yangu. Alitaka bango linaloweza kusomwa na mtu anayejifunza kusoma. Msanifu alimkatalia mara mbili."

"Hilo la kukataa litoe," mama alisema upesi. "Unaomba kazi. Mtu haendi kuomba kazi amebeba makosa yake kwenye kikapu."

"Wameshayasikia, Mama. Nikiliacha lile jina lifutike tu, itakuwa nimeficha. Ni afadhali wasikie na hili."

"Watakunyima."

"Huenda."

Mama alitafakari. Alivuta sahani ya vifungo, akaanza kuvitenga vyeupe na vya bluu, ingawa vilikuwa vimeshatengwa.

"Basi andika 'mteja alikuwa mkaidi'," alisema. "Iwe haki kwa wote."

Jumatatu walikwenda wote wawili. Mama alisema anapita tu kununua uzi, kisha akaketi kwenye benchi la ukumbini nje ya chumba cha usaili na hakuinuka. Mlango haukufungika vizuri. Kitasa chake kilikuwa kimelegea. Aliisikia sauti ya binti yake ikijibu maswali kuhusu rangi na karatasi, sauti ya dada aliyepiga simu, na sauti ya tatu, nzito na ya kutulia, ambayo aliijua mara moja kuwa ya mwenyekiti.

"Nimesikiliza tovuti yako tena jana jioni," mwenyekiti alisema. "Sasa ina mtu ndani yake. Lakini lile bango la mwisho, wiki iliyopita lilikuwa na jina jingine."

"Ndiyo, mama."

"Ungeweza kuliondoa."

"Nililiondoa. Mwenye bango akaniambia nilirudishe."

Ukumbini, mshonaji aliutazama ukuta.

"Alikuwa amelisikia lile jina?"

"Alilisikia. Mara mbili."

Kiti kilisogezwa. "Mimi nilipolisikia," mwenyekiti alisema, "niliwaambia wenzangu tukukate jina. Mtu anayewaita hivyo wateja wake, ataniandikiaje vibao vya wagonjwa? Huyu dada ndiye aliyeomba upigiwe simu kwanza. Sasa sijui niseme nini. Umejitahidi sana kwa siku nne. Ila kati yenu watatu yupo aliyeifanya kazi hii miaka minne. Utapata jibu Ijumaa."

Binti alipotoka, mama alikuwa amesimama tayari, ameshika mkoba.

"Umesikia?" binti aliuliza.

"Nilikuwa nanunua uzi," mama alisema.

Ijumaa simu ililia kabla ya saa sita. Kinyozi alimwacha mteja na nusu ya kichwa, akaja kusimama mlangoni. Binti alisikiliza, akashukuru, akaiweka simu kifudifudi kama mara ya kwanza.

"Kazi amepewa yule wa miaka minne," alisema. "Mimi wamenitaka niwe msaidizi wake. Miezi sita. Mshahara ni nusu."

"Nusu," kinyozi alisema. "Profesa, hata mimi nikinyoa nusu ya kichwa silipwi..."

Mkewe alimtazama, naye kinyozi akaiacha sentensi ilipofikia.

"Kazi ya msaidizi ni ipi?" mama aliuliza.

"Wiki mbili za kwanza nisichore chochote. Nikae mapokezi na daftari, nimwandike kila anayeuliza njia. Anakwenda wapi, aliuliza akiwa amesimama wapi." Binti alikuwa akiutazama mkono wake. "Msanifu mzima, Mama. Nikae kwenye kiti cha mapokezi kama mzigo uliosahauliwa."

Mama hakumbembeleza wala hakumkemea. Alitoa daftari jipya katika fungu la yale aliyoyanunua kwa ajili ya darasa, akalisukuma upande wa pili wa meza.

"Piga mistari kabla hujaondoka nyumbani," alisema. "Ukianza kupiga mistari mbele za watu, watakupita."

Binti alikwenda. Siku ya kwanza, saa mbili na robo, mama mmoja wa makamo alisimama mbele yake na karatasi mkononi, akauliza maabara iko wapi. Alikuwa amesimama chini ya kibao kilichoandikwa MAABARA, chenye mshale, kwa herufi nyembamba za kijivu. Mlinzi alikuwa ameinua kidole tayari kumwonyesha. Binti aliinuka kabla yake. Hakukigusa kile kibao hata kwa macho. Alimshika yule mama mkono, akamfikisha mpaka mlango wa maabara, akarudi kwenye kiti chake, akafungua daftari na kuandika mstari wa kwanza. Kufikia jioni ilikuwa mistari mia moja na kumi na minne.

Wewe uliyefika mpaka hapa kwa macho yako, usiiache hadithi hii ikae kwako peke yako. Mtafute mmoja ambaye macho yake au herufi zimemnyima kusoma, umsomee polepole, kisha umwombe naye amsimulie mwingine.